Wenye mguu wa kuku (bastola) mdogo wa mfukoni, umewahi kukugomea? Tupeane uzoefu

Kitambi cha Mbezi:
Wakuu habari za jioni. Bastola yangu ninayo kihalali, leseni hai, nilipita hata ule uhakiki wa silaha wa Dar wa 2016, kwa hiyo wale wa "umeipataje" wapumzike. Ni Glock 19. Kwenye shabaha sina lalamiko nayo hata moja, shida ni kutembea nayo. Joto hili la Dar unavaa shati jepesi, inajichora ubavuni kama umeficha pasi, ukikaa kwenye gari kitako kinanichoma kitambi, nikienda kwa wakwe sijui niikalishe wapi. Matokeo yake siku nne kati ya saba inalala kwenye sefu. Juzi duka la silaha nikashikishwa kadogo, kanaenea kiganjani kama simu ya tochi, nikatamani. Ila nasikia hivi vidogo vina visirani vyake. Waliobeba kweli, siyo waliotazama Youtube, vinaaminika?

Shoka Butu:
Mwenye nayo hasemi. Naishia hapo.

Mama Wawili Tegeta:
Mimi nitasema japo najua mtanicheka. Mume wangu alinichagulia ndogo eti "ya kike". Wakuu, ile slaidi (chuma cha juu unachovuta nyuma kuingiza risasi) kuivuta ilikuwa kama kufungua kopo la rangi lililokauka. Kanajaa kiganjani ila springi yake ngumu kuliko ya ile kubwa ya mume wangu, nikawa najiona mimi ndio mzembe, vidole vinateleza na mafuta ya nywele juu. Basi nikawa naibeba kwenye mkoba. Siku moja natoka benki nasubiri gari, bodaboda wawili wakapita, mkoba ukaenda. Mkoba, simu, vitambulisho na bastola humo humo. Siku ile nilikaa kituoni kutoka saa tano asubuhi hadi giza linaingia, nimeandika maelezo mara tatu, na kila askari anayeingia zamu anauliza upya "mama ulikuwa unaweka silaha kwenye pochi?". Ilipatikana baada ya wiki mbili mtaroni, vibaka nadhani waliiogopa. Wanawake wenzangu msiweke kwenye mkoba, kinachokaa begani kinanyakuliwa.

Asiye na Haraka:
Pole sana dada. Hapo kwenye "ya kike" ndio wanapotukosea.

Nyundo ya Kahama:
Huu uzi umenitoa jasho la zamani. Ngoja niseme, mke wangu tu ndio anaijua yote.

Mimi nanunua mchele. Kwa miaka sita nilibeba kadogo ka risasi za 7.65 mfuko wa kulia wa suruali, bila ala, bila chochote, hivi hivi. Kwa miaka sita hiyo nilikapiga labda risasi kumi na mbili, zote siku ya kwanza. Nilikuwa nakapenda kwa sababu nilikuwa nakasahau.

Siku hiyo narudi kutoka upande wa Isaka na hela ya watu, saa mbili usiku, mvua, nimefika getini napiga honi kijana hafungui. Wakatokea watatu, wawili wana mapanga, mmoja ana gobore limekatwa. Kitu cha kwanza nilichojifunza usiku ule, ukiwa umekaa mfuko wa suruali unajibana wenyewe. Mkono uliingia, ukashika, ukagoma kutoka. Navuta bastola inakuja na bitana ya mfuko. Wananitoa nje kwa kola, nikasimama, hapo ndio ikachomoka. Sasa mimi nilikuwa sibebi risasi chemba, yaani ndani ya mtutu tayari kupigwa, kwa usalama wa watoto, kwa hiyo lazima nikoki, nivute slaidi kwanza. Mikono imelowa, slaidi yenyewe ndogo kama kiberiti, nikavuta ikateleza. Nikavuta tena ikashika. Nikabonyeza. Tak. Kama kalamu ya kubonyeza ya mwanafunzi. Jamaa wa panga akacheka wakuu, nilimsikia kabisa akicheka. Nikakoki tena, ile mbovu ikadondoka topeni, nikabonyeza ikalia, risasi ikaingia kwenye geti langu mwenyewe, tundu lipo hadi leo sijaliziba. Nikabonyeza tena, kimya. Slaidi imerudi nusu imesimama. Wale walivyosikia mlio walisita kidogo tu, halafu wakaona nahangaika, yule wa panga akashuka nalo, nikakinga kwa mkono wa kushoto.

Kilichoniokoa ni mwano. Mke wangu alipiga yowe la kisukuma lile lenyewe, jirani akapokea, wa ng'ambo akapokea, na kwetu mwano ukilia watu hawaulizi, wanatoka na walichonacho. Jamaa wakakimbia na simu yangu. Hela ilibaki chini ya kiti. Mkono nyuzi kumi na tisa, vidole viwili vya kushoto mpaka leo havikunji sawasawa.

Kesho yake baada ya kuripoti nikaipeleka kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa mkufunzi wa silaha. Akaifungua juu ya gazeti, akachokonoa na njiti. Kutu kidogo, uchafu wa mfuko, halafu akatoa vitu vyekundu vyembamba, akavipanga mstari, akaniangalia. Maganda ya karanga. Mfuko ule ule ndio nilikuwa naweka karanga za kukaanga za njiani.

Kitambi cha Mbezi:
Duh.

Sumu ya Panya:
KARANGA???

Asiye na Haraka:
Pole mkuu, nimesoma nimeshika mkono wangu wa kushoto bila kujijua.

Bin Chumbageni:
Naomba radhi kwa majeruhi lakini hapo kwenye karanga nimecheka hadi mtoto kaamka.

Sumu ya Panya:
Zilikuwa za chumvi au za kawaida? Maana chumvi ndio inaleta kutu.

Nyundo ya Kahama:
Za chumvi.

Fundi Mstaafu:
Acheni utani, kuna mambo pale. Bastola ndogo siyo kubwa iliyofinywa. Slaidi ni fupi na nyepesi, kwa hiyo inarudi kwa kasi na inahitaji springi ngumu, ndio maana mama wa Tegeta alihangaika, haukuwa uzembe. Magazini, lile kasha la risasi, nayo inapata muda mdogo wa kupandisha risasi inayofuata. Ukilegeza kiganja kidogo tu, slaidi haipati pa kuegemea, hairudi yote, inasimama nusu. Kubwa inasamehe kiganja kilegevu. Sasa mkono umelowa, moyo unadunda, hapo nani ana kiganja kigumu? Na hizo 7.65 zina ukingo mdogo kitakoni, ukizipakia vibaya ukingo wa juu ukakaa nyuma ya wa chini zinang'ang'aniana ndani ya magazini. Ile ya "tak" mimi naishuku risasi yenyewe, miaka sita kwenye jasho. Badilisha risasi za kubebea angalau kila mwaka. Na kabla hujaiamini kadogo yoyote piga 200 za aina ile ile utakayobeba, bila kukwama hata moja.

Shoka Butu:
200! Fundi unalipa wewe? Kibali changu cha risasi na bei ya sasa hizo 200 nitazimaliza nikiwa na wajukuu.

Fundi Mstaafu:
Ulisema unaishia hapo.

Bin Chumbageni:
Huku Tanga upepo wa bahari unakula chuma. Mimi kila Ijumaa baada ya swala naifuta na kitambaa chenye mafuta kidogo, ikipita wiki mbili tu naona vidoti vya kahawia pale inapogusa ngozi. Na tafadhali mafuta ya bunduki, usiweke ya kupikia, binamu yangu aliweka ya alizeti ikagandamana kama halua.

Revolva Moja:
Mnajitesa. Chukua revolva fupi ya risasi tano za .38, ile ya alumini haifiki nusu kilo. Haina magazini, haina slaidi, risasi ikigoma unabonyeza tena, ngoma inazunguka inakuja nyingine. Nyundo angekuwa nayo ile usiku ule pangekuwa na habari nyingine.

Sumu ya Panya:
Tano tu halafu uanze kuingiza moja moja kama unatoa chenji kwenye daladala. Na triga yake nzito, ya kwanza unapiga mbingu ya pili unapiga mguu wako.

Revolva Moja:
Umewahi kuishika wewe au unaongea tu? Mapigano ya getini ni ya hatua tatu, risasi tano zinatosha na zinabaki.

Sumu ya Panya:
Nimeshika, ndio maana nikaiuza.

Mwanahistoria wa Kijiweni:
Anayesema ndogo haifanyi kitu akumbuke Sarajevo 1914. Princip alitumia Browning ya 1910, kadogo ka mfukoni, risasi mbili tu, mfalme mtarajiwa wa Austria na mkewe wakaondoka na dunia nzima ikaingia vitani.

Fundi Mstaafu:
Gari lilisimama karibu mbele yake mkuu. Kwa umbali ule hata mimi na miwani yangu hii.

Mwanahistoria wa Kijiweni:
Basi ndio hoja yangu, hizi ni za karibu!

Jamaa wa Kiambu:
Niaje watu wa TZ. Mimi baada ya ile vetting ya 2018, uhakiki wa wenye bunduki huku Kenya, niliamua nibebe serious, nikanunua ndogo na holsta ya bei rahisi ya kitambaa, ile ya kuvaa ndani ya suruali. Jumamosi tukakuwa mahali tunakula nyama choma, nikaenda choo, nikafungua mshipi, hiyo kitu ikatoka na holsta yake ikaanguka kwa sakafu, ikateleza chini ya ukuta wa mbao mpaka choo ya jirani. Kimya. Halafu sauti ya mzee upande ule: "Kijana, umeangusha kitu." Akaisukuma na mguu polepole ikarudi. Sikumaliza nyama. Nunueni holsta ngumu yenye inafunika triga yote, ata kama ni bei.

Asiye na Haraka:
"Umeangusha kitu" hahahaha huyo mzee apewe nishani.

Jamaa wa Kiambu:
Lakini pia tusidharau. Westgate 2013, ile mall ya Nairobi magaidi walivamia, raia wenye leseni waliingia na bastola zao kusaidia kutoa watu, mbele ya AK. Hakuna mwenye aliuliza kama ni kubwa ama ndogo, ni ile ulikuwa nayo kiunoni hiyo siku.

Shoka Butu:
Wale hawakuwa watu wa kuweka karanga mfukoni.

Mswahili wa Houston:
Ndugu zangu, huku Texas tangu Septemba 2021 mtu mzima asiye na kizuizi cha sheria anabeba bila kibali, na hivi vidogo vimejaa kila kona. Nilianza na Ruger LCP, haifiki hata gramu 300, unaisahau kweli. Ila ukiipiga inakutwanga kiganja kama umepigwa rula na mwalimu wa hesabu, magazini mbili tu nikawa natafuta sababu ya kwenda nyumbani. Sasa kitu usichopenda kukipiga utakifanyia mazoezi saa ngapi? Nikahamia SIG P365, karibu nusu kilo, inabeba kumi kwenye magazini na moja ya chemba, 9mm kamili, inavumilika. Mwanzisha uzi usiende ndogo kabisa, shuka hatua moja tu.

Sumu ya Panya:
Wa Texas naye, huko mnazinunua kama vocha. Sisi hapa kuibadilisha tu ni barua ya mtaa, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), alama za vidole, mpaka inafika na wewe umeota kitambi kingine.

Bin Chumbageni:
Jambo jingine, "9mm" siyo moja. Kuna fupi, kuna ya Makarov, kuna ile ya kawaida ya Glock. Muuzaji alinifungia boksi la ya kawaida na bastola yangu ni ya fupi. Nimefika nyumbani magazini haipokei, naisukuma kwa gumba nadhani ni ngumu kwa sababu mpya. Soma kitakoni mwa risasi, usisome sura ya muuzaji.

Mama Wawili Tegeta:
Nyundo, samahani kuuliza, siku hizi unabeba nini?

Nyundo ya Kahama:
Nabeba ya katikati, kiunoni, ala ngumu, risasi chemba, na kila mwezi naenda kwa yule mzee napiga magazini moja tu, siyo zaidi. Na geti nimeweka la umeme.

Fundi Mstaafu:
Risasi chemba na watoto nyumbani?

Nyundo ya Kahama:
Ndani ya nyumba inaingia kwenye sefu kabla sijavua viatu. Mke ndio anasimamia hilo.

Kitambi cha Mbezi:
Wakuu nimesoma zote. Nimeongea na mama watoto, kasema badala ya kubadilisha bastola nipunguze kitambi.

Sumu ya Panya:
Na karanga?

Nyundo ya Kahama:
Mfuko wa kushoto.