Naomba ushauri: tamko la maslahi kwenye uhakiki wa gemu likae juu au chini?

Kalamu Kavu: Habari za muda huu wakuu. Naandika uhakiki wa magemu kwa kujitegemea, nalipwa kwa makala. Kuna tovuti imenipa gemu kubwa nilihakiki, kopi ya mapema ninayo, zuio la kuchapisha linaisha wiki ijayo. Swali langu ni dogo tu: lile tamko la "kopi tumepewa na kampuni" mnaliweka juu kabisa au mwisho wa makala? Na je, kuna ulazima wa kutaja na mambo mengine madogo madogo? Wajuzi karibuni, matusi hapana.

MzeeWaPedi: Juu. Warner Bros. waliwalipa watu wa YouTube waisifie Middle-earth: Shadow of Mordor ya 2014, PewDiePie akiwemo, wakaelekeza tamko likae kwenye maelezo chini ya video. Mtazamaji mpaka afungue maelezo yote ndiyo alione. FTC, mamlaka ya Marekani ya kulinda walaji, ikawabana, 2016 wakakubali yaishe kwa makubaliano. Halafu wewe unauliza juu au chini.

Chuma Chakavu: Kwani kuna mtu bado anasoma uhakiki? Mimi natazama mtu akicheza kidogo, nimeshaamua. Zamani bwana, jarida tulikuwa tunalimaliza lote mpaka matangazo, na tangazo lenyewe ni la gemu lililopewa alama za juu ukurasa wa pili yake. Hakuna aliyeuliza.

Binti Skrini: Mkuu, hayo "mambo mengine madogo madogo" ni yapi?

Kalamu Kavu: Ya kawaida tu dada. Niliwahi kufanya kazi ndogo na kampuni hiyo. Si ajira.

Binti Skrini: Kazi gani? Lini? Ulilipwa?

Mwanasheria wa Kijiweni: Mwacheni kijana. Anayebeba lawama siku zote ni mwandishi, wenye tovuti wanakula matangazo kimya kimya. Mhakiki Jeff Gerstmann aliondolewa tovuti ya GameSpot 2007 baada ya kuipa Kane & Lynch alama 6 kati ya 10, huku tangazo la gemu hilo hilo limetanda kwenye tovuti. 2012 ndipo akapata nafasi ya kusema wazi kuwa shinikizo la watangazaji lilihusika. Mgongano mkubwa uko ofisini kwa mwenye tovuti, anzieni huko.

Binti Skrini: Mwanasheria, uzi wako ufungue pembeni. Kalamu, nimeuliza.

Kalamu Kavu: Haya. Kuna kampuni zikikaribia kutoa gemu humlipa mhakiki aandike uhakiki wa ndani, akadirie na alama zitakazopatikana Metacritic, ile tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani. Hauchapishwi, wanausoma wao tu. Mimi nimewaandikia wa gemu hili. Nimesaini mkataba wa kutunza siri, kwa hiyo hata nikitaka kutamka siwezi.

Ila msinihukumu haraka. Niliwaponda. Niliwaambia kamera inakwama ukutani ukiingia mapangoni, maandishi ya menyu hayasomeki ukikaa mbali na runinga, na bosi wa tatu, yule adui mkubwa, hafi, unampiga mpaka usingizi unakushika. Vyote wamerekebisha. Nionyesheni mhakiki anayelijua gemu hili kuliko mimi. Kule ndani niliwapa 6, sasa hivi ni 8 ya haki kabisa.

NinjaMstaafu: Refa ameinoa timu mazoezini, leo anapuliza kipenga, na goli analisifia yeye 😂

MzeeWaPedi: Kumbe tamko la kopi lilikuwa geresha.

Binti Skrini: Hizo alama 2 zilizoongezeka ndizo zinazonisumbua. Kila ukiingia pangoni kamera ikatulia, unachofurahia ni gemu au ni ushauri wako uliofuatwa? Hata wewe huwezi kujua, na msomaji hana hata nafasi ya kujiuliza kwa sababu hajui. Halafu huo mkataba umekukataza kuitaja kazi, haujakukataza kuikataa hii ya pili. Mwandikie mhariri: "Gemu hili nina mgongano wa maslahi, mpe mwingine." Basi. Maelezo hadaiwi mtu.

Kalamu Kavu: Kusema ni rahisi dada. Makala nimeshamtumia. Na mhariri akisikia neno mgongano ataanza kufukua makala zangu zote za nyuma, kazi yenyewe ndiyo hii. Halafu ni alama ya tovuti moja tu kati ya nyingi.

MzeeWaPedi: Moja tu? Obsidian, waliotengeneza gemu la Fallout: New Vegas, walikosa bonasi yake kwa alama moja. Mkataba ulitaka 85 kati ya 100 Metacritic, likapata 84. Hiyo 8 yako huenda ni mshahara wa mtu.

Kalamu Kavu: Basi si afadhali niwape 8?

Shuhuda77: Wakuu, mnapigwa kamba na mnaitikia. Mtu amesaini mkataba wa siri, hataki kumwambia mhariri wake hata sentensi moja, lakini hapa kamwaga kamera, menyu na bosi wa tatu, na gemu linatoka wiki ijayo. Kampuni ikiupata uzi huu haihitaji mpelelezi. Angalieni na akaunti yake, imefunguliwa leo. Hii chai. Ama kuna mwandishi anakusanya maoni yetu akayapange kuwa makala.

Kalamu Kavu: Akaunti mpya ni ya kujificha, ungefanyaje wewe? Na si mapango. Nimebadilisha ili nisijulikane.

Shuhuda77: Kwa hiyo umetunga.

Kalamu Kavu: Nimebadilisha mapango, sijatunga mkasa!

Chuma Chakavu: Subirini kwanza. Wiki ijayo gemu gani linatoka lenye bosi asiyekufa? Ndilo ninalolitafuta.

Mwanasheria wa Kijiweni: Hata kama ni ya kutunga, hoja yangu ya wenye tovuti haijajibiwa na mtu.

Binti Skrini: Mimi nimejibu kama ni kweli. Kalamu, mhariri amesemaje?

Kalamu Kavu: Amejibu sasa hivi. Anasema sifa zimezidi, anataka niongeze aya moja ya kasoro.

NinjaMstaafu: Kasoro nzuri zote umeshawauzia wenyewe.