Mrejesho: nimejifungua, na dawa sikuacha

Wapendwa, ni mimi wa Nyegezi niliyeuliza humu kama niache dawa za bipola (ugonjwa wa akili unaokupandisha mno, kisha kukushusha mno) kwa sababu ya mimba. Wengi mlinionya nisiache ghafla, nikamwone daktari wa akili. Nilienda. Kumbe niliyokuwa nameza ni valproeti, ambayo inaweza kumletea mtoto mgongo wazi, daktari akanihamishia dawa nyingine, olanzapini. (Mlioshauri maji ya baraka, asanteni, nayo nilikunywa.)

Nimepata wa kike, kilo 3.1. Mimba haikunisumbua, balaa lilikuja baada ya uzazi. Siku ya tisa, saa tisa usiku, mama alinikuta nasugua masufuria yaliyokwisha kung'aa, simu nimeibana begani, namwamsha mtu wa Kirumba aniletee dagaa magunia kumi nianze biashara. Usingizi sina, wala sichoki. Mama hakubishana. Alichukua simu, asubuhi tukawa kliniki, dozi ikaongezwa.

Sasa usiku mtoto analala kwa bibi yake na maziwa ya kopo, ili mimi nipige usingizi masaa saba. Majirani wanasema namnyima ziwa. Waseme. Mchana ananyonya, daktari karuhusu, na mashavu yamejaa.