Wasikilizaji huondoka muziki unapokoma: je, tutenganishe jioni za muziki na za fasihi?

Katibu wa Kamati

Ndugu wanajukwaa, mimi ni katibu wa kamati inayoandaa msimu wa maonyesho chuoni kwetu, wenye jioni 8 zinazochanganya muziki wa moja kwa moja na fasihi, yaani ushairi wa kughani, usomaji wa hadithi fupi na masimulizi ya jukwaani. Msimu uliopita kila jioni ilipangwa kwa mtindo mmoja: bendi au kwaya ilifungua, washairi na wasomaji wakafuata, kisha muziki ukarudi kufunga. Kilichotukera ni kwamba kila mara muziki ulipokoma na msomaji akapanda jukwaani, watu walianza kuinuka, na kwa kuwa viti vya ukumbi wetu ni vya kujikunja, kila aliyetoka aliacha kishindo kilichomkata kauli aliyekuwa akisoma. Katika kikao cha tathmini, wajumbe wawili walipendekeza muziki uwe na jioni zake na fasihi zake. Mwenyekiti akaongeza kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana subira na maneno. Hoja hiyo haijaniingia akilini, kwa sababu wanafunzi hao hao hukijaza chumba kidogo cha maktaba kila chama cha waandishi kinapokutana. Je, tutenganishe, au kuna namna ya kuviweka pamoja vikapatana?

Fundi Mitambo

Ndugu Katibu, kabla hatujaihukumu subira ya wanafunzi, ningependa kujua walioondoka walikuwa wameketi wapi. Nimefanya kazi ya mitambo ya sauti kwa muda mrefu, na nimeona mara nyingi ukumbi unaoupamba muziki ukiyaua maneno. Sababu ni mvumo, yaani mkia wa sauti unaoendelea kuzunguka kutani baada ya chanzo chake kunyamaza. Okestra hupendeza mvumo ukidumu kwa sekunde 2 hivi, kwa kuwa noti hushikana na kunona; msemaji anahitaji sekunde 1 au pungufu, la sivyo silabi ya kwanza huwa ingali inaelea wakati ya nne inatamkwa, na konsonanti, ambazo ndizo zinazotofautisha "pata" na "bata", humezwa.

Tatizo hili si geni vyuoni. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwomba mwalimu wake kijana wa fizikia, Wallace Sabine, auchunguze ukumbi mpya wa mihadhara ambamo wasikilizaji hawakuweza kufuata mhadhara, kwa kuwa neno moja lilivuma kwa sekunde 5.5 hivi. Sabine na wasaidizi wake walihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wakaipanga humo usiku kukiwa kimya, huku akipima mvumo kwa bomba la kinanda na saa ya kuhesabia sekunde. Humo ndimo ilimotoka kanuni inayotumika hadi leo: mvumo hurefuka kadiri ukumbi unavyokuwa mkubwa, na hufupika kadiri vitu vinavyonyonya sauti vinavyoongezeka. Binadamu aliyevaa nguo ni mmoja wa vitu hivyo, kwa hiyo (nasema haya kwa masikitiko) kila anayetoka humharibia zaidi anayebaki.

Jaribuni mapazia mazito nyuma ya jukwaa na kwenye ukuta wa nyuma, yafungwe wakati wa kusoma na kufunguliwa wakati wa muziki. Mwambieni fundi wenu aondoe mwangwi wa bandia aliowawekea waimbaji na apunguze besi kabla msomaji hajafungua kinywa. Wengi wetu husahau. Ikiwa mna spika za nyuma, sauti yao icheleweshwe kidogo ili itoke pamoja na ile inayofika hapo kwa hewa kutoka jukwaani. Spika iliyo mita 17 kutoka jukwaani inahitaji kucheleweshwa kwa milisekunde 50 hivi, la sivyo wa nyuma watasikia kila neno mara mbili.

Malenga wa Zamu

Nakubaliana na Fundi, ila tusizibebeshe kuta lawama zote. Nimesoma mashairi yangu katika jioni za namna hii, na najua adha ya kuitwa jukwaani wakati wapiga ala wanakunja nyaya huku mshereheshaji akisoma wasifu wangu kwa dakika tano. Watu hutafsiri pengo hilo kuwa mapumziko, na mtu akishainuka huona haya kuketi tena. Mwacheni msomaji awe amekwisha kusimama mahali pake noti ya mwisho inapofifia, wanamuziki wabaki wameketi nyuma yake, na wasifu wake uchapwe kwenye ratiba. Kila usomaji usizidi dakika 12. Kwa kasi ya maneno 130 kwa dakika, hayo hayafiki maneno 1,600, kwa hiyo hadithi ndefu ipunguzwe mapema nyumbani, si kurukwarukwa jukwaani.

Nawasihi pia msimwekee msomaji muziki wa chini kwa chini eti kumsindikiza, isipokuwa wawili hao wamefanya mazoezi pamoja. Shairi la arudhi lenye mizani 16 katika kila mshororo, nane kwa nane, lina mapigo yake. Ngoma ikija na hesabu nyingine, msikilizaji hufuata ngoma, na mshairi hubaki akichezesha midomo tu.

Mpiga Fidla

Nina neno dogo. Mkiamua kuyatia mashairi muziki, ombeni ruhusa mapema, kwa sababu ruhusa ya kulisoma shairi hadharani haibebi ruhusa ya kulitungia lahani wala ya kulirekodi.

Katibu wa Kamati

Nawashukuru nyote. Jana jioni nilimwomba mwenzangu asome kwa kipaza sauti huku nikihama safu kwa safu. Hadi safu ya kumi nilimwelewa bila taabu, lakini chini ya roshani niliisikia sauti yake yote bila kupata sentensi hata moja. Na ninapokumbuka vishindo vya msimu uliopita, vingi vilitoka huko huko. Mwangwi wa bandia nao ulikuwa haujazimwa tangu onyesho la kwaya.

Nimeandika pendekezo tuendelee kuchanganya, tufunge safu za chini ya roshani katika jioni mbili za kwanza, tuazime mapazia ya idara ya tamthilia, na tufuate mpangilio wa Malenga. Leo asubuhi nilimketisha mwenyekiti chini ya roshani, nikapanda jukwaani na kumsomea kumbukumbu za kikao, pamoja na kauli yake kuhusu subira ya wanafunzi. Nilipomaliza alinijia akaniuliza nilikuwa nikisoma nini.