Mwaridi gani unastahimili madoa meusi huku Malindi na Lamu?

Mwenye Ua (Malindi)

Assalam aleikum. Nina miwaridi sita uani, yote ilinunuliwa kitaluni kwa rangi tu, hakuna hata mmoja wenye jina. Mvua za mwaka zikianza, majani ya chini hupata madoa meusi, hugeuka manjano, hupukutika. Ikifika mwisho wa Juni vimebaki vijiti na kishungi cha majani huko juu. Dawa nimenunua mpaka basi. Nataka kuing'oa yote nipande inayostahimili yenyewe.

Ua ni mchanga mtupu, miche iko karibu na ukuta wa chokaa, jua tele mpaka saa tisa. Namwagilia kwa mpira jioni. Nataka yenye harufu, maana waridi lisilonukia la nini? Hata kwenye kikuba halina kazi. Na dada yangu wa Lamu anataka miwili ya kuweka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba; maji yake ni ya kisima, yana munyu kidogo. Nipande aina gani, na yeye je?

Mchanja Miche (Malindi)

Wa aleikum salaam. Majina nitakupa, lakini jua kwanza unachong'oa, usije ukanunua kile kile kwa rangi nyingine.

Miche mingi ya vitalu vyetu ni ya ukoo wa mawaridi ya kukata, kama yanayolimwa Naivasha. Yamezalishwa kwa urefu wa kikonyo na siku za kukaa kwenye jagi. Huko hulimwa chini ya plastiki, jani halionji mvua, kwa hiyo aliyeyazalisha hakuwa na haja ya kuyapima kwa madoa meusi. Wewe unauchukua mche wa ndani na kuutoa kwenye kusi ya Mei.

Ugonjwa wenyewe ni kuvu, *Diplocarpon rosae*. Mbegu yake ikitua juu ya jani inahitaji jani lilowe mfululizo kama saa 7 ndipo ipenye. Joto linaloipendeza ni kati ya nyuzi 18 na 26, na usiku wa Mei hapa Malindi umo humo humo. Madoa huonekana baada ya siku 3 hadi 10, kisha kila doa hutoa mbegu mpya ambazo tone la maji huzirusha hadi jani la juu yake. Ndiyo maana huanzia chini na kupanda. Chungulia doa kwa karibu: ukingo wake haukukatika sawasawa, una nyuzinyuzi, kama wino uliodondoka kwenye kitambaa chenye maji. Ukiona hivyo ndilo lenyewe.

Ukimwagilia kwa mpira jioni, jani linalala na maji. Zile saa 7 unazitoa wewe kwa mkono wako, hata mwezi usio na mvua. Badili hilo kabla ya kununua mche wowote.

Sasa majina. Hakuna mwaridi wenye kinga kamili, kwa sababu kuvu hii ina makabila mengi, na mche unaoshinda kabila la kule unaweza kushindwa na la hapa. Ila ipo iliyothibitika:

*Belinda's Dream* (1988, mzalishaji Robert Basye wa Texas). Wa pinki, petali nyingi zilizosongamana, harufu nzuri. Chuo cha Texas A&M kiliuweka kwenye orodha yao ya miwaridi iliyopimwa bila kupigwa dawa, tena kwenye udongo wenye chokaa, yaani tatizo lako jingine. Kwa ua wako huu ndio wa kwanza.

*Mutabilis*, mwaridi wa Kichina. Ua lafunguka likiwa na umanjano, lageuka pinki, lafia kwenye wekundu wa zambarau. Rangi tatu kwenye kichaka kimoja. Petali ni tano tu na harufu hafifu, lakini jani lake hushika. Unataka nafasi, hufika mita 2 na zaidi.

*Knock Out* (umeanza kuuzwa 2000, mzalishaji William Radler wa Marekani). Kwa madoa meusi ni simba. Harufu, sahau.

*Iceberg* (1958, mzalishaji Kordes) utausikia ukisifiwa kila mahali kwa weupe wake. Penye hewa kavu unastahili sifa. Penye unyevu kama pwani huvuliwa majani kama hao sita wako.

Ukitaka kuagiza nje ya nchi, kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kinatangulia mche, na mche uje na cheti cha afya ya mimea. Usibebe kijiti mkobani.

Bi Asumini (Lamu)

Mwanangu, Mchanja Miche amesema kweli kwa Malindi, lakini dada yako adui yake si wako. Kiwandani kuna kuta ndefu pande zote, mvua ya upepo haifiki sana na upepo wenyewe haupiti. Jani ni kavu, hewa ina fukuto. Hapo anayekuja ni ubwiri unga: majani machanga yanajikunja na kupakaa weupe kama yamemwagiwa unga wa ngano, na tumba hushindwa kufunguka. Kuvu hii ni kinyume cha ile. Madoa meusi yanataka jani lililolowa. Ubwiri unga haupendi maji juu ya jani, unataka unyevu wa hewani tu. Kwa hiyo dada yako akimwagia majani maji asubuhi, saa moja hivi, yakauke na jua, anajisaidia. Wewe ukifanya hivyo mwezi wa Mei unajimaliza.

Aangalie kwanza jua. Mwaridi unataka saa 6 kutwa. Viwanda vingi vya mji wa kale havipati hata nne. Kama hazifiki, asipande mwaridi, apande asumini, au aupandishe mtungi darini.

Kitu kingine: vitabu vitamwambia apande *Rugosa*. Mwaridi huo asili yake ni fukwe za Japani na Korea, unaota mchangani, unavumilia chumvi ya upepo wa bahari, madoa meusi kwake ni nadra, na unanukia sana. Ukisoma hivyo utasema umeumbiwa ufuko wetu wa Shela. Sivyo. Mchanga wetu umetokana na matumbawe, una chokaa, na *Rugosa* kwenye chokaa hugeuka manjano. Pia umezoea kupumzika msimu wa baridi kali ambao sisi hatuna. Vivyo hivyo miwaridi ya Damask ya kukamulia marashi: mingi huchanua mara moja kwa mwaka baada ya baridi.

Kwa harufu na joto letu, tafuteni miwaridi ya jamii ya Chai. *Duchesse de Brabant* (1857) ni wa pinki ya lulu, unanukia haswa, na haungoji msimu. Ubwiri unga huugusa, kwa hiyo huo uwe wako Malindi kwenye upepo, si wa kiwandani. Dada apewe *Belinda's Dream* kwenye mtungi.

Maji ya kisima: ukiyaonja ukasikia munyu, kwa mwaridi tayari yamezidi. Dalili yake ni ukingo wa majani makubwa kuungua rangi ya kahawia kuanzia nchani; hilo si ugonjwa na halina dawa. Akinge maji ya mvua ya paa kwenye birika ayatunze kwa miwaridi. Akilazimika kutumia ya kisima, mara moja kwa wiki mbili amwagie mtungi maji matamu mengi mpaka yatiririke chini, yaondoke na chumvi. Mtungi uwe na upana wa sentimita 45 au zaidi, na matundu.

Na makumbi! Watu hutandaza makumbi ya nazi bila kuuliza yametoka wapi. Yale ya kutengenezea kamba hufukiwa kwenye tope la pwani, yamejaa chumvi ya bahari. Yaloweke kwenye maji matamu, mwaga, rudia mara tatu nne. Au tumia majani makavu tu, salama.

Mwenye Ua (Malindi)

Ahsante sana Bi, ahsante Mchanja Miche. Nimekagua tena leo. Madoa ya chini ni yale ya nyuzinyuzi. Lakini miwili, ile iliyo karibu kabisa na ukuta, majani mapya ya juu ni manjano na mishipa yake imebaki kijani kibichi. Huo nao ni ugonjwa?

Mchanja Miche (Malindi)

Huo ni njaa ya chuma. Chuma kimo udongoni, lakini chokaa imekifunga, mzizi hauwezi kukinyonya. Kumbuka hivi: jani zee la chini likiwa manjano lenye madoa, ni kuvu, jani changa la juu likiwa manjano lenye mishipa ya kijani, ni chokaa. Majani yote yakipauka na kuwa na vitobotobo vidogo kama yametobolewa na sindano, geuza upande wa chini, utakuta utitiri na utando wake. Huo huja zaidi wakati wa kaskazi, hewa ikikauka.

Dukani usinunue chuma cha aina yoyote tu. Uliza chenye EDDHA, kiambato kinachoshika chuma kisifungwe na chokaa. Kile cha EDTA kwenye udongo wetu huachia chuma mapema na pesa yako imekwenda. Kipimo ufuate kibandiko.

Miche mipya ipande mita 1 kutoka ukutani, maana lipu inayobanduka huongeza chokaa kila mvua, na ukuta huzuia upepo wa kukausha majani. Baina ya mche na mche mita 1 hadi 1.2. Shimo sentimita 50 kwa 50. Changanya debe 2 za mchanga na debe 1 ya samadi iliyooza. Ya punda inafaa sana, na Lamu haikosekani, ila iwe imekaa miezi mitatu minne mpaka haina harufu wala joto. Mbichi huunguza mizizi.

Unapong'oa ile ya zamani, itazame mizizi. Ukikuta vifundo kama shanga, ni minyoo fundo, na mchangani huwa wengi. Mche mpya ukiingia shimo lile lile utadumaa hata kama jani lake ni sugu. Hamisha mahali, au tafuta mche uliobebeshwa juu ya shina la *Fortuniana*, linalotumika sana kwenye mchanga wa Florida kwa sababu hiyo hiyo.

Maji lita 8 hadi 10 kwa mche, mara tatu kwa wiki wakati wa kaskazi, asubuhi, chini kwenye shina. Matandazo unene wa sentimita 5 hadi 7, yasiguse shina. Huzuia tone la mvua lisirushe mbegu za kuvu kutoka chini.

Kijana wa Gede

Magadi ya kuokea mikate yanamaliza yote hayo. Kijiko cha chai kwa lita moja ya maji na matone ya sabuni, unapulizia kila wiki.

Bi Asumini (Lamu)

Yanasaidia kidogo kwa ubwiri unga, kijana wangu. Kwa madoa meusi hayatoshi, hasa mvua ikiyaosha kila siku. Tena magadi hayo yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Mche unaokunywa maji ya munyu unauongezea mzigo. Yale yenye potasiamu badala ya sodiamu ni nafuu.

Salfa nayo nzuri, ila usiipulizie joto likizidi 30, itababua majani. Yaani Januari hadi Machi iache kabisa. Na usiitumie ndani ya wiki mbili za kupuliza mafuta ya mwarobaini. Lakini Mwenye Ua ameuliza mche usiotaka dawa, tusimrudishe dukani.

Kusi na Kaskazi (Malindi)

Naongeza moja. Si lazima uwe na jina. Subiri mwanzo wa Julai, mvua za mwaka zikishapita, zunguka mitaa ukitazama miwaridi ya watu. Usitazame ua. Tazama magotini: kichaka kilichobaki na majani mpaka chini wakati huo, kimeshafaulu mtihani wa hapa hapa, mbele ya makabila ya kuvu ya hapa hapa. Mara nyingi utakuta ni kichaka kizee, maua madogo ya pinki, hakuna anayekipulizia chochote. Piga hodi, omba matawi.

Kata tawi lililotoka kuchanua, nene kama penseli, urefu sentimita 15 hadi 20, lenye vifundo vinne. Chini kata hapo hapo chini ya kifundo, ondoa majani yote ila mawili ya juu. Kata sita au saba, maana si yote yatakayoota. Chomeka nusu yake kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa, si wa ufukweni, mvulini, na funika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Kifuniko cha chupa kiwe wazi, la sivyo vinaoza. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane. Livute tawi polepole. Likikataa kutoka, limeshika.

Lihamishie mkebeni, na livuke vuli ya Oktoba na Novemba hapo kabla ya kulitia ardhini. Hiyo vuli nayo itakuonyesha: likipata madoa mkebeni, litupe na ubakishe wenzake.