Ukoo wa Chumbageni: Ijumaa ya AC/DC

Ijumaa, 17 Mei 2024

Rashidi: Assalaam alaikum wana ukoo. Wakubwa wote shikamooni. Niko ndani ya tramu 302, nimetoka stesheni kuu ya Gelsenkirchen hapa Ujerumani, naelekea uwanjani kwenye onesho la AC/DC, ile bendi ya rock ya Australia. Humu ndani ni fulana nyeusi tupu na vipembe vyekundu vinavyowaka taa. Mbele yangu kuna babu kamvalisha mjukuu wake kaptula, tai na kofia ya shule, Angus mtupu, yule mpiga gitaa wao!

Mjomba Sefu: Waalaikum salaam. Marahaba mjomba. Tangu adhuhuri nimekaa na simu mkononi. Ni ziara yao ya kwanza tangu 2016, na inaanzia hapo ulipo. Usiku wa kwanza kabisa. Una bahati wewe.

Mama Mkubwa: Waalaikum salaam, marahaba. Vipembe vya nini tena, Rashidi? Si ndio hao wanaoimba barabara ya kwenda motoni?

Rashidi: Mimi sijavaa, Mama Mkubwa. Vinauzwa nje tu hapo.

Mjomba Sefu: Dada, ngoja nikueleze. Wimbo huo, Highway to Hell, ni wa 1979. Angus mwenyewe ameshasema kwamba moto wanaouimba ni safari za bendi. Miaka nenda rudi mko ndani ya basi, unalala huku soksi za mwimbaji ziko jirani na pua yako. Mimi nimelala juu ya maboksi ya spika kutoka Tanga mpaka Lushoto na mvua inanyesha. Naujua moto huo.

Mama Mkubwa: Haya. Lakini asivae.

Dada Zuhura: Rashidi, umebeba vya kuzibia masikio?

Rashidi: Wanagawa mlangoni dada. Huku sheria ni kali, sauti isizidi desibeli 99 kwa wastani wa nusu saa.

Dada Zuhura: 99 kwa saa mbili bado ni nyingi. Vitie. Huyo mwimbaji wao unamjua yaliyomkuta? Brian Johnson, Machi 2016, madaktari walimwambia aache mara moja, la sivyo atakuwa kiziwi kabisa. Akaacha katikati ya ziara. Sisi wodini tunawaona vijana wa miaka 20 na kitu wanalalamika milio masikioni, kisa spika za harusi.

Mjomba Sefu: Sahihi. Na maonesho yaliyobaki wakamchukua Axl Rose, siku za mwanzo anaimba amekaa kwenye kiti kwa sababu mguu ulivunjika. Aliimba vizuri, simnyimi haki yake. Lakini Brian hakukata tamaa. Akapata fundi, Stephen Ambrose, wakahangaika naye na vifaa vya masikioni mpaka akaweza kusikia bendi tena. Oktoba 2023 akapanda jukwaani California. Leo ana miaka 76.

Salma: Baba shikamoo. Samahani, na Kaka Rashidi usininunie. Wazee hawa kwa nini wasipumzike? Nimesoma hapa, aliyebaki tangu 1973 ni mmoja tu. Mpiga dramu mgeni, mpiga besi mgeni. Hiyo bado ni AC/DC kweli au ni jina tu?

Rashidi: Mjomba mjibu wewe, mimi nashuka kwenye tramu.

Mjomba Sefu: Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki.

Mjomba Sefu: Msondo Ngoma, bendi yetu ya dansi, ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU. Mwimbaji wao TX Moshi William ametutoka 2006. Mzee Gurumo 2014. Umewahi kunisikia nikisema Msondo si Msondo? Ukiwa nje ya ukumbi hujaona sura ya mtu, unajua ni wao, kwa sababu mpigo ni ule ule. Wanaoingia wanafundishwa mpigo.

Mjomba Sefu: Sasa sikiliza habari za hawa. Dunia nzima inamtazama Angus, yule wa kaptula anayekimbia na kuruka kwa mguu mmoja. Ana miaka 69 na bado anakimbia. Lakini aliyeianzisha bendi ni kaka yake, Malcolm. Malcolm alipiga gitaa la rizimu. Miaka 40 alisimama nyuma karibu na dramu, hakimbii, hasemi na watu. Bendi nzima ilikuwa inamfuata yeye. Hata Angus anajua, ndiyo maana aliweza kukimbia: alijua akirudi atalikuta pigo pale pale alipoliacha.

Salma: Huyo Malcolm yuko wapi?

Mjomba Sefu: Alifariki 18 Novemba 2017, miaka 64. Maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Yalianza kumwandama wakiwa bado safarini, ziara ya 2008 mpaka 2010. Nyimbo alizozitunga mwenyewe ikawa inabidi ajifunze upya kila siku kabla ya kupanda. Na akapanda. Akamaliza ziara yote.

Dada Zuhura: Sikulijua hilo, Mjomba. Kwa maradhi yale ni jambo kubwa sana.

Mjomba Sefu: Nilipolisoma nililia. Mpiga rizimu akisahau anaanguka na bendi nzima, na yeye hakuwaangusha.

Mjomba Sefu: 2014 akashindwa kabisa. Sasa nani anachukua gitaa? Salma, hapa ndipo jibu lako lilipo. Wakamchukua Stevie, mtoto wa kaka yao mkubwa. Damu yao. Na hakuwa mgeni, kwani 1988 Malcolm alipojiweka pembeni kutibu ulevi, ni huyo huyo Stevie aliyemshikia nafasi kwenye ziara ya Marekani.

Mama Mkubwa: Kwa hiyo Angus ni baba yake mdogo?

Mjomba Sefu: Ndiyo dada. Na wamepishana mwaka mmoja tu. Angus wa 1955, Stevie wa 1956. Wamekua kama ndugu.

Mama Mkubwa: Kama wewe na marehemu Hamisi.

Mjomba Sefu: Hasa.

Rashidi: Nimeingia. Huu ndio uwanja wa klabu ya Schalke, na nyasi zao zimewekwa kwenye sinia moja kubwa sana ambalo husukumwa zima zima mpaka nje zikapigwe jua. Kwa hiyo tumesimama palipokuwa pa mpira. Jukwaa limejaa maboksi ya spika za Marshall yamepangwa ukuta. Wasindikizaji ni The Pretty Reckless, wanaoongozwa na mwanadada mwenye sauti nzito sana.

Mama Mkubwa: Hao kina Angus ni watu wa wapi hasa?

Mjomba Sefu: Waskoti, wa Glasgow. Wazazi walihama na watoto kwenda Australia 1963, wakafikia kambi ya wahamiaji huko Sydney. Kaka yao George ndiye aliyetangulia kuwa mwanamuziki, akaja kuwalea hawa wadogo studio. Na dada yao Margaret ndiye mwenye jina la bendi. Aliliona limeandikwa kwenye cherehani ya umeme.

Mama Mkubwa: Cherehani?

Mjomba Sefu: Cherehani. Na sare za shule kwa Angus ni wazo lake pia.

Mama Mkubwa: Kumbe dada mtu ndiye aliyewatengeneza! Hilo ungelianza nalo Sefu, nisingesema habari za pembe.

Salma: Mama Mkubwa keshahama upande.

Salma: Baba, basi na mwimbaji wa zamani? Nimeona alikuwepo mwingine kabla ya huyu mwenye kofia.

Mjomba Sefu: Bon Scott. Alifia London Februari 1980, miaka 33. Walifikiria kuvunja bendi. Wazazi wa Bon ndio waliowaambia waendelee. Wakamtafuta Brian, mtu wa Gateshead kule kaskazini ya Uingereza, wakaenda naye Bahamas kurekodi, na Julai mwaka ule ule albamu ya Back in Black ikatoka. Kasha lake jeusi tupu, hakuna picha, kwa sababu lilikuwa la msiba. Na linaanza kwa kengele, inagongwa taratibu. Mimi kaseti yake niliazimwa na baharia mmoja bandarini Tanga, nikaisikiliza mpaka utepe ukalegea. Kuanzia hapo nikabadilisha mkono wangu wa kulia. Hata wenzangu kwenye bendi waliniuliza nimepatwa na nini.

Salma: Ulibadilisha vipi?

Mjomba Sefu: Nilikuwa nikipiga kila nafasi, najaza, naogopa kimya. Malcolm anapiga, halafu anaacha. Kile anachokiacha ndicho kinachokufanya utikise kichwa. Gitaa lake Gretsch la 1963, nyuzi nene, amplifaya haipandishwi mpaka ikakwaruza kama watu wanavyodhani. Sauti ni safi, ni mkono tu ndio mzito. Vijana wanaotaka kupiga rock wanaanza kwa kuongeza mkwaruzo, wanakosea hapo hapo mwanzoni.

Rashidi: TAA ZIMEZIMWA

Rashidi: Wameanza!!! Wimbo wa kwanza ni wa enzi za Bon!

Mjomba Sefu: Rashidi, usinirekodie Angus. Angus nitamwona kila mahali kesho. Nirekodie Stevie. Atakuwa karibu na dramu.

Mama Mkubwa: Mwache mtoto aangalie.

Mjomba Sefu: Nyimbo mbili tu. Kisha aweke simu mfukoni.

Rashidi: [ujumbe wa sauti, 1:12]

Rashidi: [video, 0:48]

Mjomba Sefu: Allah akuzidishie mjomba.

Mjomba Sefu: Salma, fungua hiyo video. Tazama sekunde ya 20. Wakati wa kiitikio unafika, mpiga rizimu na mpiga besi wanakuja mbele pamoja kwenye maikrofoni, wanaitikia, halafu wanarudi kinyumenyume mpaka kwenye amplifaya zao. Hawageuki. Malcolm na Cliff Williams walifanya hivyo hivyo miaka yote. Cliff kastaafu, aliyeshika besi leo ni Chris Chaney kutoka California. Na yeye anarudi kinyumenyume.

Salma: Nimeona. Huyo Stevie hatazami hata watu.

Mjomba Sefu: Anamtazama mpiga dramu. Matt Laug anaitwa. Yeye na dramu wakikubaliana, wengine wanaweza kufanya watakalo.

Salma: Nimeisikiliza sauti ya Kaka kwa spika za masikioni. Kelele za watu ni nyingi lakini gitaa la chini nalisikia. Linakatika, linakatika.

Mjomba Sefu: Hapo hapo. Umelisikia.

Dada Zuhura: Na Brian anaimbaje Mjomba? Wewe unasikiaje?

Mjomba Sefu: Sauti imechoka, Zuhura, sitasema imebaki ile ya 1980. Zile noti za juu kabisa anazifikia kwa taabu, nyingine anaachia watu waimbe. Lakini yuko ndani ya wakati, hapotei. Mtu aliyeambiwa hataweza tena kusikia wenzake! Na ratiba wameipanga kwa akili. Leo 17, halafu 21 hapo hapo, 25 Italia kule Reggio Emilia, 29 Seville. Siku tatu nne za kupumzisha koo kati ya onesho na onesho. Mpaka Agosti 17 Dublin wanamaliza.

Salma: Mimi bado naona ni wazee sana, Baba. Ila sasa sisemi tena kwamba ni jina tu.

Mjomba Sefu: Inanitosha.

Rashidi: Wana ukoo nimetoka. Sikugusa simu tena kama Mjomba alivyosema. Angus alibaki peke yake jukwaani na gitaa muda mrefu sana, jasho linamtiririka, nywele nyeupe zimelowa, halafu anaweka mkono sikioni anataka watu wapige kelele zaidi. Watu walipiga! Mwisho ikawa mizinga. Mizinga imepangwa juu ya jukwaa, ikilia kifua kinatikisika. Yule mtoto mwenye sare ya shule nilimwona tena, amebebwa mabegani na babu yake, ana makubwa ya kuzibia masikio kichwani.

Dada Zuhura: Babu mwenye akili. Na wewe?

Rashidi: Nilivitia dada, toka mwanzo mpaka mwisho. Milio hakuna.

Mama Mkubwa: Umekula?

Rashidi: Nanunua soseji ya kuku hapa stesheni Mama Mkubwa.

Mjomba Sefu: Rashidi, wimbo wa pili ulipoanza, ule wa albamu nyeusi, nani aliingia kwanza?

Rashidi: Matoazi ya dramu yalihesabu, Mjomba, halafu magitaa yote mawili pamoja.

Mjomba Sefu: Pamoja kabisa, au mmoja alitangulia kidogo?

Rashidi: Pamoja. Kama mtu mmoja.

Mjomba Sefu: Alhamdulillah.

Rashidi: Kuna mwenzangu kazini ana tiketi ya Jumanne na amepangiwa zamu ya usiku. Anataka kuniuzia kwa bei aliyonunulia.

Mjomba Sefu: Ichukue. Nusu ya bei nakutumia mimi Jumatatu asubuhi. Na safari hii simama upande wa Stevie tangu mwanzo, uniangalizie kiganja cha mkono wake wa kulia anakilaza wapi, juu ya daraja la nyuzi au mbele yake.

Salma: Na mimi nitumie video hiyo Kaka. Baba amelitoa gitaa lake chini ya kitanda sasa hivi, anatafuta nyuzi.