Watoto wa Bi Mwanahawa (Ngamiani)

*Jumatatu*

Da Mwanaidi 19:52
Assalaam alaykum wote. Mama kaanguka tena leo, uani, karibu na koki. Hajavunjika, alhamdulillah. Naomba kila mtu asome na AJIBU.

Da Mwanaidi 19:54
Magoti, vifundo vya miguu, sasa na vidole vya mikono. Asubuhi hawezi kukunja ngumi mpaka jua lipande. Akiinuka tu, kizunguzungu. Mwaka wa tatu huu. Picha wamempiga, wakasema gegedu limelika, wakampa vidonge, basi. Mimi nimechoka na vidonge.

Da Mwanaidi 19:55
Nimeshaongea na yule dada wa hijama, anayeumika. Ana nafasi tarehe 17 ya mfungo huu. Vikombe tisa, mgongo na magoti. Mchango wetu:
1. Mwanaidi 50,000 ✅
2. Salim
3. Hamisi
4. Rukia
5. Asha
6. Mjomba (si lazima)
Nakili uongeze jina lako.

Da Mwanaidi 20:31
Naona tiki za buluu kumi na moja.

Hamisi 20:40
Waalaykum salaam. Magoti ya Mama yalianza 1988, Coastal Union yetu ilipochukua ubingwa wa ligi. Alishangilia kutoka Ngamiani mpaka Raskazone kwa miguu.

Bakari wa Muheza 20:41
😂😂😂 Wagosi wa Kaya

Hamisi 20:41
Hajapata sababu nyingine ya kuruka tangu siku hiyo

Da Mwanaidi 20:42
Hamisi wewe uko Pongwe hapo hapo, Mama kaanguka unaleta mpira.

Wifi Asha 20:50
Pole sana Mama jamani 😢 Wifi, mimi nilisema mapema. Lile kopo alilotumia mwezi wa Ramadhani lilikuwa la kusafisha tu. La kujenga gegedu ni la pili na la tatu, ni pakeji. Kopo 120,000 lakini kwa familia nafanya 110.

Hamisi 20:52
Shem kwa laki na kumi goti jipya limo ndani au linauzwa peke yake

Wifi Asha 20:53
Cheka tu. Watu wanapona.

Salim Muscat 21:15
Samahanini, nilikuwa kazini. Da Mwanaidi, ule ubani niliomletea Bakari aufikishe, Mama anautumia? Ni wa Dhofar, ule wa kijani. Unalowekwa usiku, maji yanywewe asubuhi kabla ya chai. Huku wazee wote wanafanya hivyo.

Bakari wa Muheza 21:16
Niliufikisha kaka

Da Mwanaidi 21:17
Salim namba 2 iko wazi.

Salim Muscat 21:22
Nimeiona. Nitatoa. Ila safari hii nataka kujua hela inakwenda wapi na anayeshika ni nani.

Da Mwanaidi 21:22
Maana yake nini?

Salim Muscat 21:24
Maana yake ni hiyo hiyo. 2011 kikombe cha Babu wa Loliondo kule Samunge kilikuwa shilingi 500. Shamba la michungwa lilikwendaje?

Da Mwanaidi 21:25
Umeanza.

Da Mwanaidi 21:27
Gari siku sita, mafuta, foleni tumelala njiani na mgonjwa, wewe uko Muscat unauliza simu imezimwa kwa nini. Baba ndiye aliyesema nipelekeni. Baba MWENYEWE.

Salim Muscat 21:28
Sikatai. Nauliza na vidonge vyake vya sukari vilivyokutwa kabatini, kwenye kopo la maziwa. Navyo Baba mwenyewe?

Bakari wa Muheza 21:29
Jamani

Hamisi 21:30
Kaka Salim hayo yaache

*Ujumbe huu umefutwa*

Rukia 22:06
Ndio natoka zamu. Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote. Naomba kabla ya hijama, kabla ya kopo, kabla ya chochote: Zai uko hewani?

Zai (wa Bibi) 22:07
Shikamoo shangazi. Nipo

Rukia 22:08
Marahaba mwanangu. Weka mezani kila kitu Bibi anachokunywa, anachojipaka, anachotafuna. Hata anachokificha. Piga picha nitumie hapa.

Zai (wa Bibi) 22:19
📷 Picha

Zai (wa Bibi) 22:21
Kutoka kushoto: vidonge vya presha vyeupe, vya presha vya njano, aspirini ndogo, diklofenaki ya maumivu karatasi mbili, binzari na pilipili manga zimesagwa pamoja, unga wa mlonge, mafuta ya habasoda, bakuli la ubani, kopo la shangazi Asha limebaki robo, mafuta ya nyonyo ya kukandia, na huo mfuko mweusi wa unga wa yule mzee wa sokoni

Hamisi 22:22
Hilo si meza, ni duka la dawa. Lisajiliwe

Rukia 22:24
Kumi na moja. Zai, unga mweusi alianza lini?

Zai (wa Bibi) 22:25
Kabla ya Idi kubwa. Kijiko asubuhi na jioni. Siku ya pili tu alinyanyuka akaenda arusini akacheza

Da Mwanaidi 22:26
Huo niliuagiza mimi. Ndio pekee uliomsaidia.

Rukia 22:31
Da Mwanaidi usinichukulie vibaya. Unga unaofuta maumivu ya miaka mitatu kwa usiku mmoja, mimi nauogopa. Wapo wanaochanganya deksamethasoni au prednisoloni, dawa kali za hospitali, kwa siri humo ndani wakaita dawa ya asili. Hizo hujaza uso. Uso wa Mama kwenye picha za Idi ulikuwa umejaa, nikadhani kanenepa. Huyo mzee ana namba ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Sheria ya kuwasajili ipo tangu 2002.

Hamisi 22:32
Namba anayo. Ya kutumia hela

Rukia 22:33
Hamisi hebu ngoja kwanza. Zai, Bibi choo chake kikoje? Kimewahi kuwa cheusi kama lami?

Zai (wa Bibi) 22:35
Anasema maswali hayo usimuulize kwenye grupu

Zai (wa Bibi) 22:36
Anasema mara mbili tatu

Rukia 22:38
Haya. Diklofenaki na aspirini kila siku vinaweza kuchubua tumbo likawa linavuja damu kidogo kidogo bila maumivu. Damu ikipungua mwilini, mtu akisimama dunia inazunguka. Kwa hiyo hijama ya kuchanja NAOMBA isubiri. Huwezi kumtoa damu mtu ambaye hujui anayo kiasi gani. Siipingi hijama.

Da Mwanaidi 22:39
Nimeshalipa kianzio.

Rukia 22:41
Zai, kwa Mama Shufaa jirani kuna mashine ya presha? Mpime Bibi akiwa amelala, awe amelala dakika tano. Halafu asimame, umshike, umpime baada ya dakika moja na tena ya tatu.

Zai (wa Bibi) 23:02
Amelala 148/86. Dakika moja 121/75. Ya tatu 118/74. Alisema ukuta unatembea

Rukia 23:03
Basi hapo. Ya juu ikishuka 20 tu tunasema presha inaporomoka akisimama. Yake imeshuka 30.

Rukia 23:04
Sasa hivyo vya njano. Si alibadilishiwa mwezi wa tatu akapewa vyeupe? Mbona vyote viwili vipo?

Zai (wa Bibi) 23:06
Anakunywa vyote. Vyeupe anapewa kliniki. Vya njano vinakuja na basi kutoka Dar

Rukia 23:06
Nani anavituma?

*Ujumbe huu umefutwa*

Da Mwanaidi 23:15
Mimi.

Da Mwanaidi 23:16
Sikuambiwa kama vimebadilishwa. Tangu ya Baba sijaruhusu Mama akose dawa hata mwezi mmoja. Hata mmoja. Nilikuwa nanunua kabla ya kodi ya nyumba.

Da Mwanaidi 23:16
Lala salama.

Salim Muscat 23:40
Dada

Salim Muscat 23:41
Dada pokea simu

*Jumanne*

Mjomba Athumani Pangani 05:12
ASSALAAM ALAYKUM. NIMESALI NDIO NIMEFUNGUA SIMU. NIMESOMA YOTE MPAKA MACHO YAMENIUMA. DADA YANGU ANA DAWA YA MUSCAT ANA DAWA YA DAR ANA DAWA YA SOKONI. KILA MTOTO AMETUMA. NAULIZA NANI AMEKWENDA AKAKAA NAYE USIKU MMOJA AKAONA ANAVYOAMKA. MTOTO WA SHULE NDIYE ANAYEMPIMA. YA MAREHEMU SHEMEJI YANGU YALIZIKWA NAYE ANAYEYAFUKUA AJE NA JEMBE MBELE YANGU

Bakari wa Muheza 05:58
Shikamoo Mjomba

Wifi Asha 06:20
Shikamoo Mjomba 🙏

Hamisi 06:44
Shikamoo Mjomba. Umesema.

Salim Muscat 07:03
Shikamoo Mjomba. Da Mwanaidi, nilikosa. Nimetuma laki mbili kwako. Risiti sitaki.

Da Mwanaidi 07:30
Imefika. Ahsante.

Da Mwanaidi 07:31
Haya. Alhamisi Mama anakwenda hospitali ya Bombo. Saa moja asubuhi awe pale. Hijama nimeahirisha, kianzio wamekikatalia. Rukia, andika wanachotakiwa kupima.

Rukia 07:48
Daktari ndiye atakayeamua, lakini mwombeni: wingi wa damu, figo, sukari, asidi ya yuriki kama ni jongo, na vipimo vya baridi yabisi maana vidole vinakakamaa asubuhi. Bebeni dawa ZOTE kwenye kapu, hata mafuta. Vya njano leo hii Zai apige simu kliniki waseme wenyewe, msikate kwa neno langu la simu. Asubuhi akae ukingoni mwa kitanda kwanza, ahesabu mpaka mia, ndipo asimame.

Rukia 07:52
Na jambo moja wamwambie. Mnakumbuka ile homa ya Mombasa, arusi ya Fatu, mwanzoni mwa 2018? Mama alirudi amejikunja hawezi kushuka kwenye basi. Mwaka ule Mombasa kulikuwa na chikungunya, homa inayoletwa na mbu. Viungo vinaweza kuuma miezi baada ya hapo, wengine miaka. Huku Newala nilipo ndiko neno lenyewe lilikotoka, ni Kimakonde, mtu aliyejikunja. Waligundua huku mwaka 1952. Sisemi ndiyo hiyo, magoti yake ni ya siku nyingi. Nasema asiache kulitaja.

Hamisi 07:55
Kumbe tulikula biriani na tukaondoka na mbu

Salim Muscat 07:57
Na biriani lenyewe lilikuwa na mchele mbichi

Bakari wa Muheza 07:58
Lile lilipikwa na nani vile 😂

Wifi Asha 08:01
Msianze. Gesi ilikatika.

Da Mwanaidi 08:05
NANI ANAKWENDA NA MAMA ALHAMISI. Zai ana mtihani.

Da Mwanaidi 08:50
Tiki za buluu tisa.

Hamisi 09:12
Alhamisi nina mzigo wa kupeleka Korogwe. Nikirudi mapema

Da Mwanaidi 09:13
Kliniki ni asubuhi Hamisi.

Hamisi 09:20
Ngoja niongee na tajiri wangu

Da Mwanaidi 09:22
Jingine. Zai nimemwambia alfajiri autupe ule unga chooni. Umekwisha habari yake.

Rukia 10:37
DA MWANAIDI HAPANA. Ndio nimeona. Kama una deksamethasoni na amekunywa miezi yote hiyo, mwili umeshazoea, ukikatwa ghafla ndio anaanguka moja kwa moja. Daktari ndiye anayeupunguza kidogo kidogo. Na tulihitaji waone sampuli. Zai umeutupa?

Zai (wa Bibi) 11:15
Samahani shangazi nilikuwa darasani. Niliutupa 😭

Rukia 11:16
Basi asingoje Alhamisi. Aende leo. Akitapika, akilegea, akisinzia sinzia, ni dharura.

Da Mwanaidi 11:17
Ya Rabbi. Hamisi!! Hamisi pokea simu

Zai (wa Bibi) 11:24
🎤 0:41

Rukia 11:26
Nimesikia. Kwa wasioweza kufungua: Mama anasema unga mwingine anao, aliufunga pindoni mwa kanga alipomsikia Mwanaidi anafoka, na leo asubuhi amekunywa kijiko chake kama kawaida. Anasema pia tumwache alale.

Hamisi 11:30
Mama yangu huyo 😂😂

Rukia 11:31
Angalau. Usiongezwe, usikatwe, na wa pindoni uende naye hospitali. Leo ndiyo afadhali, kesho isipite. Kadi ya bima iko wapi?

Zai (wa Bibi) 11:33
Haipo kwenye mkoba. Bibi anasema aliichukua shangazi Mwanaidi kuihakiki

Da Mwanaidi 11:36
Ninayo. Niko nayo Kariakoo hapa. Naituma na basi la mchana, Hamisi aipokee stendi.

Da Mwanaidi 11:37
Au nije nayo mwenyewe. Naangalia.

Salim Muscat 11:38
Njoo nayo mwenyewe dada. Nauli juu yangu.

Da Mwanaidi 11:52
Naangalia.

Mjomba Athumani Pangani 12:20
NIMEPANDA GARI. NIPO KIGOMBE. HAMISI ASIPOKUWEPO NITAMPELEKA DADA YANGU MWENYEWE ALHAMISI AU KESHO AU LEO

Zai (wa Bibi) 12:21
Karibu Babu. Nikupikie nini

Mjomba Athumani Pangani 12:23
WALI WA NAZI. PWEZA NIMESHANUNUA HAPA WA DADA YANGU ANAPENDA

Rukia 12:25
Shikamoo Mjomba. Kwa heshima yako, pweza Mama asile mpaka tupime yuriki

Mjomba Athumani Pangani 12:31
NIMESHANUNUA