Baba anasema kuandika wosia ni uchuro. Tumweleze nini?

Mchungwa ameuliza:
Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Baba yetu ana miaka 71, mama ana 64, nasi watoto tuko watano, mmoja wetu kwa mama mwingine. Mali yao ni nyumba ya vyumba vinne hapa Muheza, ekari tatu za michungwa ambazo hazijapimwa, na akiba ya baba katika SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo. Nilipomgusia wosia alinijibu kwamba huo ni uchuro, kwamba mambo hayo ni ya matajiri, na kwamba Waislamu wamekwisha kugawiwa na Mwenyezi Mungu. Hati ya nyumba ina jina lake peke yake, ingawa mama aliuza vitenge miaka 20 na mabati yote yalinunuliwa kwa fedha zake. Je, watu wa hali yetu wana haja ya mipango hii?

Karani Mstaafu amejibu:
Wa alaykum salaam, mwanangu. Mzee ana hoja: mafungu yamekwisha kuwekwa, na Muislamu huusia mwisho theluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, tena si kwa mrithi, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Lakini mafungu hayo ni ya mali ya marehemu, na ugomvi mwingi niliousikia barazani kwa hakimu ulihusu swali linalotangulia: mali ya marehemu ni ipi? Mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumni. Nyumba nzima ikihesabiwa kuwa ya baba, mama atapata sehemu moja ya nane ya nyumba aliyoiezeka mwenyewe; nusu yake ikitambuliwa sasa, nusu hiyo haitaingia katika mirathi kabisa, thumni yake itatoka katika nusu ya baba, na kwa jumla atakuwa na sehemu tisa za kumi na sita. Kwa hiyo acheni kwanza neno wosia linalomtisha, mzungumzieni umiliki wa pamoja katika hati, au hiba, yaani zawadi ya mali anayoitoa angali hai. Hiba hutimia kwa kukabidhi, na itolewe akiwa mzima, kwa sababu inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia.

Mama Pacha amejibu:
Mume wangu alikuwa fundi seremala, wala hatukuwa na cha kujivunia, lakini karatasi zilinitesa kuliko msiba. Jina la kitambulisho halikulingana na la kadi ya benki, kwa hiyo nikahitaji kiapo. Na katika fomu ya chama cha akiba aliyeandikwa kuwa mrithi alikuwa mdogo wake, kwani aliijaza kabla hatujaoana na hakuirudia tena. Shemeji yangu ni muungwana, akanikabidhi kila kitu. Sijui ningefanya nini angekuwa mtu mwingine. Dada, itazameni fomu ya SACCOS wiki hii, na mipaka ya shamba iandikwe mbele ya majirani na mtendaji wa kijiji, maana wanaoijua wanazeeka pamoja na baba.

Mchungwa:
Nawashukuru sana. Kaka yetu mkubwa anasema hakuna haja, kwa kuwa ukoo utamteua yeye kuwa msimamizi na yote yatakuwa chini yake.

Karani Mstaafu:
Ukoo hupendekeza kwa muhtasari wa kikao, lakini anayeteua ni mahakama, na kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila huwa ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni na kugawa. Hamiliki kitu kwa cheo hicho. Ndani ya miezi minne hutakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni mahakamani. Mwambieni mapema, kwa upole.

Mchungwa:
Jana baada ya isha nilimsomea baba hesabu ile ya sehemu tisa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamuuliza mama kama bado anazo stakabadhi za mabati.